Si kila vitu viwili ni "yi dui"
Mwandishi, hapo uliposema kwa Kichina "yi dui", yaani jozi moja, inatosha kwa kila vitu viwili, sikubaliani nawe. Yi dui ni ya wapenzi, hereni, vyombo vya maua vinavyowekwa huku na huku. Viatu, soksi na vijiti vya kulia huhesabiwa kwa "shuang". Nilipokuwa nafunga mizigo ya viatu Guangzhou nililisikia neno hilo kutwa nzima: san shuang, shi shuang, yaani pea tatu, pea kumi. Suruali ndiyo kichekesho, ina miguu miwili lakini ni "yi tiao", sawa na samaki au mto! Mkasi nao ni "yi ba", kama kisu na mwavuli. Na wewe mchangiaji hapo juu uliyeuliza mke na mume waitweje kwa maongezi ya kawaida: "yi dui fuqi" ni sahihi, ila "liang kouzi" ni ya barazani zaidi, yaani midomo miwili, maana Wachina huhesabu watu wa familia kwa midomo. Waliooana juzi ni "xiao liangkou", wazee "lao liangkou". Usiwaite hivyo wachumba tu, watu watakuuliza harusi ilikuwa lini.