Ndege ya Staa, Jina la Kampuni

Alfajiri ya Januari 21, 2013, jeti nyekundu aina ya Bombardier Challenger 605 ilitua katika uwanja wa Ronaldsway, kwenye Kisiwa cha Man kilichopo kati ya Uingereza na Ireland. Ndani yake alikuwemo dereva wa Formula 1, Lewis Hamilton. Alama ya usajili ya ndege hiyo, G-LCDH, ilibeba herufi za mwanzo za majina yake yote manne: Lewis Carl Davidson Hamilton. Jeti haikukaa sana kisiwani. Ilifika kukamilisha taratibu za forodha, kisha ikaondoka. Ilikuwa imenunuliwa kwa pauni milioni 16.5, na kodi ya ongezeko la thamani iliyorejeshwa ilikuwa pauni milioni 3.3.

Umma uliyajua hayo Novemba 2017, nyaraka za siri za kifedha zilizopewa jina la Paradise Papers zilipovuja. Mpangilio wenyewe ulikuwa hivi: kampuni ya Hamilton iliyosajiliwa katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza iliikodisha ndege kwa kampuni yake nyingine ya Kisiwa cha Man. Hiyo nayo ikaikodisha kwa kampuni ya Uingereza inayoendesha ndege za matajiri, na kampuni hiyo ikamkodishia Hamilton. Bingwa wa dunia akawa mpangaji wa ndege yake mwenyewe. Kwa kuwa kwenye makaratasi hiyo ilikuwa biashara ya kukodisha, kodi ilirudishwa, ingawa nyaraka zilionyesha kuwa angeitumia pia kwa safari zake binafsi. Wawakilishi wake walisema mpango mzima ulipitiwa na wakili mwandamizi na kuonekana halali. Baadaye aliiuza ndege hiyo.

Hamilton hakuwa peke yake. Tangu mwaka 2011 hadi kashfa hiyo ilipolipuka, Kisiwa cha Man kilikuwa kimerudisha zaidi ya pauni milioni 790 kwa kampuni 231 za kukodisha ndege.

Mashabiki wanaoona picha ya msanii amesimama kwenye ngazi za jeti hudhani alitoa fedha taslimu akapewa funguo. Ununuzi hauendi hivyo. Dalali huitafuta ndege, mnunuzi huweka amana kwa wakala asiyeegemea upande wowote, na mafundi huifungua na kuikagua, injini, bodi na kumbukumbu zote za matengenezo. Mawakili huamua makabidhiano yafanyike katika jimbo au nchi gani ili kodi ya mauzo iwe ndogo. Benki ikikopesha, jeti yenyewe huwekwa rehani, na rehani hiyo huandikishwa katika sajili ya kimataifa iliyoko Ireland chini ya Mkataba wa Cape Town wa mwaka 2001. Mnunuzi akikwama kulipa, benki ina njia ya kuifuata ndege katika nchi zilizojiunga na mkataba huo.

Wakati mwingine anayeonekana kuwa mwenye ndege si mwenye ndege pekee. Mwaka 2019 mwanamuziki Drake wa Kanada aliionyesha dunia Boeing 767 yenye vyumba kama vya hoteli, akatamba kwamba haikuwa ya kukodi wala ya kuchangia. Punde ikafahamika kuwa nyuma yake ipo Cargojet, kampuni ya kusafirisha mizigo, iliyouelezea mpango huo kuwa ushirikiano kati yake na msanii.

Nchini Marekani, motisha kubwa inatoka kwenye sheria ya kodi. Mageuzi ya mwaka 2017 yalimruhusu mfanyabiashara kukata gharama yote ya ndege, mpya au iliyotumika, kutoka kwenye mapato yanayotozwa kodi ndani ya mwaka wa kwanza, mradi matumizi yake makubwa yawe ya kibiashara. Nafuu hiyo ilianza kupungua mwaka 2023, lakini sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imeirudisha kwa asilimia 100. Februari 2024 mamlaka ya kodi ya nchi hiyo ilitangaza kuanza kukagua matumizi ya jeti za makampuni, kwa sababu mpaka kati ya safari ya kazi na safari ya mapumziko ni rahisi kuvukwa na vigumu kuthibitishwa.

Usajili nao unastaajabisha kwa wepesi wake. Ndege za Marekani huandikishwa Oklahoma City, na kwa miaka mingi ada imekuwa dola 5. Sheria inataka mmiliki awe raia au mkazi wa kudumu wa Marekani, lakini mgeni huweza kuikabidhi ndege kwa mdhamini wa Kimarekani, na jina la mdhamini ndilo linaloingia kwenye daftari. Mwaka 2020 wakaguzi wa Bunge la nchi hiyo walionya kuwa sajili hiyo inategemea mno maelezo ya mwombaji mwenyewe bila kuyahakiki. Kisiwa cha Man kilifungua sajili yake mwaka 2007. San Marino, Aruba, Bermuda na Visiwa vya Cayman nazo zinashindania wateja walewale.

Mastaa wana hoja moja nzito: usalama. Desemba 2023 mawakili wa mwanamuziki Taylor Swift walimwandikia barua mwanafunzi Jack Sweeney, aliyekuwa akichapisha safari za ndege ya Swift, wakisema kuwa anawasaidia watu wanaomnyemelea. Hofu hiyo ni ya kweli na inastahili kuheshimiwa. Hakuna anayepaswa kusubiriwa na mtu mwenye nia mbaya kwenye lango la uwanja wa ndege. Lakini sheria ya usafiri wa anga ya Marekani ya Mei 2024 imekwenda mbali zaidi ya hapo: mmiliki wa ndege binafsi anaweza kuomba hata jina na anwani yake vifichwe machoni pa umma. Mahali ndege ilipo leo ni siri ya mwenyewe. Nani anaimiliki, na kodi gani imesamehewa kwa ajili yake, ni mambo ya umma, kwa sababu pengo la kodi hiyo hujazwa na walipa kodi wengine.

Afrika haiko nje ya mchezo huu. Nchini Nigeria, matajiri wengi wamekuwa wakirusha jeti zenye usajili wa kigeni zilizoingia kwa vibali vya muda, bila kulipa ushuru wa kuingiza bidhaa. Mwaka 2024 Forodha ya nchi hiyo ililazimika kuendesha uhakiki wa nyaraka za ndege hizo kuanzia Juni 19 hadi Julai 19. Ilichelewa. Ndege zilikuwa zimezoeleka angani kwa miaka mingi kabla serikali haijauliza swali la msingi.

Tanzania na Kenya zina nafasi ya kuuliza mapema. Mwalimu anayeagiza gari lililotumika kutoka Japani hulitoa bandarini Dar es Salaam au Mombasa baada ya kulipa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT, na kadi ya gari hubeba jina lake. Hakuna kampuni ya kisiwani itakayomrudishia fedha hizo. Mwenye uwezo wa kununua jeti asiwekewe sheria laini kuliko mwalimu huyo.

Nyenzo zipo. Tangu mwaka 2020 nchi zote mbili zinazitaka kampuni kuwataja wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaonufaika na mali za kampuni. Mamlaka za usafiri wa anga za Dar es Salaam na Nairobi ziunganishe sajili zao za ndege, zenye alama 5H kwa Tanzania na 5Y kwa Kenya, na taarifa hizo, na ndege ya kigeni inayokaa nchini kwa miezi nayo mmiliki wake atajwe. Wabunge wadai pia kila msamaha wa kodi unaotolewa kwa ndege binafsi uchapishwe, pamoja na kiasi chake na jina la aliyeupata. Kazi hiyo ifanyike sasa, wakati jeti za matajiri wetu bado ni chache.