KIAZI KISICHOWEZA KUNGOJA



Kila msimu wa mavuno katika nyanda za juu za Kenya, kuanzia Kinangop na Ol Kalou hadi Molo, Mau Narok na Meru, lori husimama kando ya shamba na dalali hutaja bei. Mkulima huguna, hulitazama lundo la viazi vyake, kisha hukubali. Wengi husema kwamba amekubali kwa kuwa hana umoja na wenzake, au kwa kuwa hana elimu ya biashara. Huenda ni kweli. Lakini sisi wa Tume ya Haki na Amani twasema kwamba iko sababu nyingine, nayo imo ndani ya gunia lenyewe: kiazi alichokipanda hakiwezi kungoja. Na mtu asiyeweza kungoja hawezi kukataa.

Kwa sababu hiyo twaandika juu ya jambo ambalo wengine watashangaa kulikuta katika kijitabu cha namna hii, yaani jinsi aina mpya za viazi zinavyopimwa kabla ya kukabidhiwa mkulima. Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wataalamu. Twawajibu kwamba kuchagua kipimo ni kuchagua nani atakayefaidika, na hapo ndipo swali la haki linapoanzia.

AINA INAYOTAWALA

Aina inayotawala mashambani mwetu leo ni Shangi. Haikuletwa na maonyesho wala matangazo. Ilienea kutoka mkono hadi mkono miongoni mwa wakulima, hasa wa Nyandarua, na iliandikishwa rasmi mwaka 2015, ilipokuwa imekwisha kuyajaza mashamba. Hatuidharau hata kidogo. Hukomaa upesi, kwa muda wa miezi mitatu hivi. Huiva haraka jikoni na kuokoa kuni na makaa. Hupendwa na mama nyumbani, hupendwa na mwenye kibanda cha chipsi mjini. Hata wepesi wake wa kuchipua una faida yake, kwa maana mwenye misimu miwili ya mvua kwa mwaka aweza kuirudisha mbegu ardhini bila kukawia.

Lakini sifa hiyo hiyo imekuwa kamba shingoni. Kiazi kikisha kuchimbwa hulala usingizi kwa muda fulani kabla ya kutoa machipukizi. Usingizi wa Shangi ni wa wiki chache tu. Machipukizi yakitokeza, kiazi hupoteza maji na uzito, ngozi hukunjamana, na mnunuzi hukikataa. Basi wakulima maelfu waliopanda kwa mvua moja huchimba kwa wakati mmoja na hulazimika kuuza kwa wakati mmoja. Dalali ajua hesabu ya siku zao kuliko wao wenyewe.

Hapo ndipo gunia linapoota shingo. Kanuni za viazi zilizotolewa mwaka 2019 chini ya Sheria ya Mazao ziliweka ukomo wa kilo 50 kwa gunia. Jirani zetu wa Tanzania wana jina lao kwa gunia lililojazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba juu: lumbesa. Tufanye hesabu ndogo. Gunia linalohesabiwa kuwa la kilo 50 likijazwa hadi kilo 80, katika kila kilo nane zinazotoka shambani, tatu zimekwenda bila malipo. Manabii wa kale waliikemea mizani ya udanganyifu sokoni, nasi twaikemea vivyo hivyo. Lakini tuulizane pia kwa nini mkulima anayeijua sheria ya kilo 50 hulishona gunia hilo kwa mikono yake mwenyewe. Hulishona kwa sababu lori likiondoka tupu, kesho viazi vyake vitakuwa vimeanza kuchipua.

VIPIMO VYA NANI?

Kabla ya aina mpya kuruhusiwa kuuzwa hapa nchini, hupitia majaribio ya kitaifa yanayosimamiwa na KEPHIS. Hupandwa katika maeneo mbalimbali, msimu zaidi ya mmoja, na kulinganishwa na aina zinazojulikana. Kazi hiyo ni njema na ya lazima, nasi twawaheshimu wanaoifanya. Watafiti wetu wa Tigoni, wakishirikiana na Kituo cha Kimataifa cha Viazi chenye makao yake Lima nchini Peru, wametupatia aina zinazostahili shukrani. Sherekea, iliyotolewa mwaka 2010, huvumilia ukungu wa majani vizuri na hulala usingizi mrefu kuliko Shangi. Unica, iliyotolewa baadaye, hustahimili joto. Tangu makubaliano na Uholanzi kuhusu mbegu, zimeingia pia aina za huko kama Markies, inayosifika kwa chipsi na kwa kukaa ghalani.

Basi kosa liko wapi? Liko katika jinsi habari hizi zinavyomfikia mkulima. Katika siku za mashambani tulizohudhuria, jambo linalotangazwa kwanza, na mara nyingi jambo pekee, ni idadi ya magunia kwa ekari. Muda wa usingizi umeandikwa katika orodha za kitaalamu, lakini msemaji haufikii. Mkulima huahidiwa mavuno makubwa, hupanda, huvuna kweli mavuno makubwa, kisha huyauza yote kwa wiki moja kwa bei ya kutupa. Mavuno yaliyoongezeka bila uwezo wa kuyahifadhi humwongezea dalali shehena.

Kwa upande mwingine, mnunuzi mkubwa naye ana vipimo vyake, na huvitetea bila haya. Mwanzoni mwa mwaka 2022 migahawa ya KFC hapa nchini iliishiwa chipsi kwa sababu viazi vyake vilitoka ng'ambo na meli zilikuwa zimechelewa. Wananchi walikasirika: itakuwaje nchi ya waru ikose waru? Kampuni ilijibu kwamba wanaoiuzia ni lazima kwanza wapite ukaguzi wake wa ubora. Sisi twajifunza jambo moja kutokana na kisa hicho. Mnunuzi mkubwa hakubali kiazi chochote mpaka amekipima kwa mahitaji yake. Kwa nini mkulima mdogo akubali mbegu yoyote kabla hajaipima kwa mahitaji yake?

FUNDISHO LA IRELAND

Viazi hivi twaviita kwa jina la Ireland, nchi iliyotuletea wamisionari wengi, nasi twasahau yaliyoipata nchi hiyo. Maskini wake walitegemea karibu aina moja tu, iliyoitwa Lumper, kwa kuwa ilizaa sana hata katika udongo dhaifu. Lakini haikukaa vizuri ghalani. Hata kabla ya maafa, kila mwaka palikuwa na miezi ya njaa wakati wa kiangazi, viazi vya zamani vikiwa vimekwisha na vipya havijawa tayari. Ndipo mwaka 1845 ukafika ukungu wa majani, ugonjwa ule ule tunaoupigania leo kwa kupulizia dawa. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni wakaihama nchi yao, huku nafaka na mifugo vikiendelea kusafirishwa kuuzwa nje.

Hatusemi kwamba Kenya ni Ireland ya mwaka 1845. Twasema kwamba watu waliichagua aina moja kwa kigezo kimoja cha wingi, na wenye ardhi na wenye biashara wakaridhika. Ugonjwa ulipokuja, maskini hawakuwa na mahali pa kurudi. Anayetaka mashamba yetu yote yawe ya aina moja, hata kama ni aina nzuri, na alitafakari hilo.

MASWALI MANNE

Twapendekeza kwamba kila aina mpya iulizwe maswali manne, na lisiachwe hata moja.

La kwanza ni la shambani. Je, huzaa kiasi gani katika udongo wetu, kwa mbolea tunayoimudu, na hustahimilije ukungu na mnyauko? Shamba la majaribio linalopuliziwa dawa kila wiki halimjibu mjane mwenye robo ekari.

La pili ni la ghalani. Je, hulala muda gani, na hupoteza uzito kiasi gani, katika ghala la kawaida lenye giza na hewa ya kutosha? Giza ni lazima, kwa kuwa kiazi cha kula kikipigwa na mwanga huwa kijani na kujenga sumu. Ghala la mbegu ni jingine, nalo hutaka mwanga hafifu ili machipukizi yawe mafupi na yenye nguvu.

La tatu ni la jikoni, na liulizwe mara mbili, siku ya kuvuna na baada ya kuhifadhi. Wanaotuambia kwamba ghala la baridi kali ndilo jibu la kila kitu wakumbuke kwamba kiazi kikiwekwa katika baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi, wanga wake hugeuka sukari, na chipsi zake huwa nyeusi na chungu. Aina iliyofaulu katika karai siku ya mavuno yaweza kushindwa miezi miwili baadaye.

La nne ni la sokoni. Je, mnunuzi mmoja akikataa, yuko wa pili? Aina inayotakiwa na kiwanda peke yake, na isiyopendwa na mama jikoni wala na mchuuzi, humfunga mkulima kwa bwana mmoja. Na je, mkulima aruhusiwa kuizidisha mbegu hiyo na kuwauzia jirani zake, au mwenye haki ya aina hiyo amemzuia? Swali hilo liulizwe kabla ya kulipa fedha.

TUWAJIBU WANAOPINGA

Wengine watasema kwamba mkulima maskini hawezi kungoja hata akiwa na kiazi chenye usingizi mrefu, kwa kuwa karo na deni la duka havingoji. Wasema kweli, nasi hatuwadai watu wahifadhi mavuno yote. Lakini iko tofauti kubwa kati ya mtu anayeuza nusu kwa hitaji na mtu anayeuza vyote kwa hofu. Anayebakiza magunia kumi ghalani huzungumza na dalali kwa sauti nyingine.

Wengine watasema kwamba bei haipandi kila mara. Hilo nalo ni kweli, na mwenye kuhifadhi aweza kupata hasara. Ndiyo maana twadai vipimo vya ghalani viwe wazi, ili kila mtu apige hesabu ya uzito utakaopotea na kuamua kwa hiari yake.

Wengine tena watasema kwamba wakulima hawana elimu ya kupima. Hao twawauliza: Shangi ilichaguliwa na nani? Mkulima amekuwa akipima tangu zamani. Lililomkosa ni kupewa habari zote.

TUNAYODAI NA TUTAKAYOYATENDA

Kwa serikali za kaunti na maofisa wa kilimo twadai mambo mawili. Kwanza, pasifanyike maonyesho yoyote ya aina mpya bila kutangazwa, kwa lugha inayoeleweka, muda wa usingizi na uzito unaopotea ghalani. Pili, sheria ya kilo 50 isimamiwe barabarani, lori linapopita na mzigo wake, kwa kuwa shambani mkulima yuko peke yake na mzani wake hauna mtetezi.

Kwa jumuiya ndogo ndogo twatoa kazi, wala si hotuba. Kila jumuiya yenye ardhi na itenge kipande kimoja. Pandeni aina tatu, Shangi ikiwa mojawapo, siku moja, kwa nafasi moja ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, kwa mbolea ile ile. Mbegu na itoke mahali palipokaguliwa, kwa kuwa mbegu yenye mnyauko huichafua ardhi kwa miaka mingi na kuyaharibu majaribio yote. Siku ya kuvuna pimeni uzito kwa mzani, msikadirie kwa macho. Kisha wekeni kilo 20 za kila aina katika ghala moja lenye giza. Kila baada ya wiki mbili pimeni tena, ondoeni vilivyooza, andikeni tarehe machipukizi yanapoonekana. Pikeni na kukaanga kidogo cha kila aina, na akina mama watoe hukumu yao mbele ya wote. Matokeo yabandikwe mlangoni pa kanisa, yasomwe na kila mtu, wa dini yoyote.

Kazi hiyo yahitaji daftari, mzani na uaminifu. Mzani wa kikundi ukisha kununuliwa kwa ajili ya majaribio, usirudishwe kabatini. Upelekwe kando ya shamba siku lori linapofika.

Wahenga walisema kwamba mnyonge hana haki. Walieleza walivyoyaona mambo, wala hawakutuamuru tuyaache hivyo. Unyonge wa mkulima wa viazi una sehemu nyingi, na baadhi yake zahitaji sheria, barabara na mikopo ambayo hatuna uwezo wa kuitoa sisi. Lakini sehemu moja imo katika mbegu anayoizika ardhini mwezi Machi, naye aweza kuichagua akijua, au kuchaguliwa na wengine asijue. Jumuiya zikutane kabla ya mvua, zichague ardhi na aina zitakazopimwa, na majina ya wenye kushika daftari yaletwe kwa Tume.