Barabara Isiyofika Popote

Tulipokwenda matembezi kule Burren, jimbo la Clare, wengi wenu mlibaki kwenye basi sababu ya mvua. Siwalaumu, mvua ya huku si mchezo. Ila mlikosa kitu.

Mzee mmoja wa pale alitupeleka kuona barabara ya mawe inayopanda mlima halafu inakatika tu, hakuna nyumba wala shamba. Akasema ni barabara ya njaa. Viazi vilianza kuoza 1845, na serikali ya London haikutaka kugawa chakula bure, basi mwenye njaa akapasue mawe kwanza ndipo alipwe vijisenti. Machi 1847 watu zaidi ya 700,000 walikuwa kwenye kazi hizo. Hadi 1852 walikufa kama milioni moja, huku nafaka na ng'ombe wakipakiwa melini kwenda Uingereza! Wao wakaletewa mahindi ya njano ya Marekani, hata kuyapika hawajui. Hapo nikacheka peke yangu: kumbe unga wa Yanga! Wazazi wetu wa miaka ya sabini wanaujua.

Sasa hoja yangu. Yule mzee hakuiona njaa ile, wala babu yake. Anaijua kwa sababu watu waliuliza wakaandika. Mwaka 1937 watoto wa shule za msingi za nchi hii walitumwa kuwauliza wazee wao mambo ya zamani, na madaftari yao yapo Dublin mpaka leo.

Mimi ni Mgogo wa Dodoma. Kwetu tuna Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, majeshi ya vita vya Wazungu yalipochukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na mvua nayo ikakataa. Bibi aliitaja kila tulipobakiza ugali. Tulikuwa tunamcheka. Bibi amefariki, na mimi msomi wa shahada ya pili sina hata ukurasa mmoja wa maneno yake.

Kwa hiyo naomba jarida letu litenge kurasa mbili kila toleo. Piga simu nyumbani, na kabla mzee hajakuomba hela, muulize: njaa ya kwenu iliitwaje, mlikula nini, nani aliwafungia ghala? Anayeona aibu asiweke jina. Mimi naanza na shangazi yangu wa Mpwapwa, Jumapili hii.