Mvuvi wa Likoni pia aonekane kwa skrini

Ukichukua boda kwa mkopo, kitu ya kwanza inafungwa ni traka. Ukipotea nayo Mtwapa, mwenye doo anakuona kwa simu. Sasa wasee, kwani pikipiki ina thamani kuliko mvuvi aliye majini pale Likoni?

Mkondo wa Likoni ndio mlango wa bandari ya Kilindini. Meli ya kontena ikiingia Mombasa inapita palepale feri zinapovuka. Ndio maana saa zingine mnangoja ng'ambo hadi mnachoka. Si dharau. Meli kubwa haina breki kama matatu, inaweza kusonga zaidi ya kilomita kabla isimame. Kwa hivyo feri ndio hungoja.

Wakubwa wanaonana vizuri juu wako na AIS. Huo ni mtambo unaotangaza jina la chombo, na kila sekunde 2 hadi 10 kikiwa safarini unatangaza mahali kilipo, kasi yake na upande kinaelekea. Sheria ya kimataifa inaulazimisha kwa meli za mizigo za kuanzia tani 300 zikienda nchi za nje. Mtumbwi haumo. Na mbao haishikiki vizuri kwa rada. Usiku, kama taa ni tochi tu, nahodha wa meli atauonaje?

Msimamo wangu ni huu: kila mtumbwi na mashua inayofanya kazi karibu na mkondo ipewe AIS ndogo, ile ya Daraja B. Ya kawaida hutuma kwa wati 2, wakati ya meli hutuma kwa 12.5. Ni ndogo, lakini mkondo wenyewe ni kama nusu kilomita. Inatosha.

Najua mvuvi atasema, "Mnataka kunifuata ndio mnitoze faini." Ana haki kuuliza. Tena ishara ya AIS haina siri, kila mwenye kipokezi ataona anakovua. Kwa hivyo asilazimishwe akiwa mbali baharini, awashe akikaribia mkondo. Iandikwe wazi kwamba rekodi hizo ni za usalama, si za kumkamata. Na gharama isiwe yake. Meli hulipa ada kuingia bandarini, hapo ndipo pesa itoke.

Na tusidanganyane, kifaa hakimalizi kila kitu. Mwaka wa 1994, MV Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa. Feri ilikuwa imebeba watu kupita kiasi, na hakuna skrini ingewaokoa. Lakini ajali ya meli kumgonga mtu asiyeonekana, hiyo tunaweza kuizuia leo.

Boda tunaijua iko wapi kila dakika. Mvuvi anayetuletea samaki wa chajio naye ajulikane yuko wapi.