UTI SUGU TUNAITENGENEZA WENYEWE DUKANI

1/6
Mama zangu, dada zangu, na nyie mlioolewa juzi hapa Susuni: leo nesi wenu anagomba. Kila wiki wodini napokea mtu anayeniambia, "Sista, nina UTI sugu, nimeshamaliza dawa zote." Ukimuuliza kapima wapi, hajapima. Dawa gani? Azuma tatu, sipro kidogo, Powercef mbili alizochomwa nyuma ya duka, halafu chupa ya mitishamba ya mtu wa WhatsApp. Jamani, hiyo siyo UTI sugu. Huo ni usugu tuliounua kwa hela yetu.

2/6
Kwanza, mnajuaje kuwa ni UTI? Utafiti wa HATUA ulipima mkojo wa wagonjwa zaidi ya 7,500 Kenya, Uganda na Tanzania, na kwetu walifika mpaka Mwanza hapo jirani. Wote walikuwa na dalili. Mkojo ulipooteshwa maabara, ni kama 35 tu kati ya kila 100 waliothibitika. Na kwa waliothibitika Tanzania, zaidi ya nusu walikuwa na vimelea vilivyoshinda dawa za makundi matatu au zaidi.

Someni tena hapo. Wengi tunawapa dawa wasiyoihitaji, na wanaoihitaji tunawakuta dawa imeshazoeleka.

Kuwashwa na kutokwa uchafu mzito mweupe mara nyingi ni fangasi. Uchafu wenye harufu au rangi unaweza kuwa ugonjwa mwingine wa ukeni, au wa zinaa. Kiuno kuuma baada ya kulima siku nzima ni jembe hilo. UTI ya kibofu inajieleza: mkojo unachoma, unakwenda chooni kila saa unatoa matone, tumbo la chini linauma.

3/6
Sasa tulinganishe dawa, maana hapa ndipo mnapigwa.

Nitrofurantoini: kwa UTI ya kibofu hii ndiyo ya kwanza. Inajikusanya kwenye mkojo penyewe, na vimelea vingi bado vinaiogopa. Siku 5 hadi 7, kunywa na chakula. Mkojo ukigeuka njano iliyokolea au kahawia, usishtuke. Ila haitibu figo.

Septrini na amoksilini: dawa nzuri zamani, lakini kwa UTI vimelea vingi vimeshazizoea. Zifae pale kipimo kikisema zinafaa.

Sipro: ina nguvu, ndiyo maana haifai kutolewa kama pipi. Mjamzito hapewi, mtoto si chaguo la kwanza.

Azithromaisini, ile azuma yenu: haikai vya kutosha kwenye mkojo. Siyo dawa ya UTI ya kibofu. Basi! Ukipewa vidonge vitatu vya UTI dukani, umenunua kikohozi.

Seftriaksoni, yaani Powercef: ni ya mgonjwa mahututi, ya figo, ya hospitali. Ukiimaliza kwa mkojo unaochoma, siku figo zikishambuliwa tutakuchoma nini?

Kila mtu anataka dawa "kali". Dawa kali ni ile inayofika ugonjwa ulipo.

4/6
Wajawazito, nisikilizeni kwa makini. Kwenu UTI inaweza kukaa kimya bila kuchoma, ikapanda kwenye figo, mtoto akaja kabla ya wakati. Kwa hiyo kliniki wakisema toa mkojo, toa. Mwambie anayekupa dawa una miezi mingapi: septrini inaepukwa miezi ya mwanzo na mwishoni, nitrofurantoini inaepukwa wiki za mwisho za kujifungua.

Mtoto mdogo hawezi kusema unamchoma. Ana homa, anatapika, hanyonyi, malaria haipo: mkojo wake upimwe. Usimkatie nusu ya kidonge cha baba yake. Dozi ya mtoto inapigwa kwa kilo zake.

5/6
Kinga. Msidharau maji. Mwaka 2018 yalitoka majibu ya utafiti wa wanawake 140 waliokuwa wanapata UTI mara kwa mara na wanakunywa maji kidogo. Walioongeza lita 1.5 kwa siku walipata wastani wa UTI 1.7 kwa mwaka. Ambao hawakuongeza, 3.2. Maji tu, jamani!

Usibane mkojo shambani wala gulioni. Kojoa baada ya tendo. Jifute kutoka mbele kwenda nyuma, na wafundishe mabinti hivyo hivyo. Usijioshe ndani kwa sabuni wala ndimu.

Ikirudi mara tatu kwa mwaka, hapo daktari anaweza kukupangia dozi ndogo ya kinga. Apange yeye, siyo jirani. Kina bibi waliokoma hedhi wana dawa yao ya homoni ya kupaka ukeni, waiulizie.

Na tusifichane: ukeketaji nao unaleta UTI za kurudia. Sheria inaukataza tangu 1998, na kibofu cha binti kinaulipia maisha yake yote.

6/6
Najua mtakachoandika hapo chini. "Sista, zahanati ni mbali, foleni ndefu, dawa hakuna, duka lipo mlangoni." Kweli kabisa, na mwenye duka simchukii. Lakini jibu la foleni siyo sindano isiyo na kipimo. Jibu ni sisi kusimama kwenye mkutano wa kijiji na kudai zahanati iwe na karatasi za kupimia mkojo na nitrofurantoini muda wote. Tunachangia vitu vikubwa kuliko hivyo.

Na wewe mura unayesoma kwa simu ya mkeo: hela ya sindano tatu za kubahatisha ndiyo nauli ya kumpeleka akapimwe.

Homa na kutetemeka, maumivu ya ubavu, kutapika, au damu kwenye mkojo: usisome tena, nenda hospitali leo.

Ukipewa dozi, imalize. Usimgawie shoga yako. Maswali niulizeni hapo chini, nikitoka zamu najibu.