Msitupe Nguo Kuukuu Korongoni

Ndugu zangu wa Yaeda Chini, nanyi wa Mbulu mjini, Haydom, Dongobesh na Katesh mnaoshuka bondeni kwa ndugu au kwa biashara, naomba tuzungumze habari ya nguo zilizochakaa.

Bonde letu halina mazoea ya kutupa kitu ovyo. Mhunzi wa Kidatoga anachukua kufuli bovu na koki ya bomba iliyokufa, anayeyusha, anatoa bangili inayong'aa mkononi mwa mama. Msumari wa kawaida anaugonga mpaka unakuwa ncha ya mshale, na Mhadzabe anaipata kwa kubadilishana na asali. Tairi likishachoka barabarani linageuka katambuga, na katambuga hiyo inachunga ng'ombe miaka mingi baada ya gari lenyewe kusahaulika. Kwa Wairaqw, bibi zetu walivaa sketi za ngozi zilizotiwa shanga moja moja na mabinti waliokuwa ndani wakifundwa, enzi za marmo. Baadhi ya sketi hizo leo zimehifadhiwa kwenye makumbusho ya nchi za nje. Watu wa huko wanazitazama kupitia kioo, na sisi wajukuu wa mikono ile tunatupa gauni kwa sababu zipu imekufa.

Hapo ndipo tulipoteleza. Chuma tunakijua, ngozi tunaijua, lakini nguo imetushinda. Fulana ikitoboka begani hutupwa nyuma ya nyumba. Suruali ya mtumba ikiachia mshono huishia korongoni, mvua zikija inashuka na maji hadi mbugani, kule ndege wanakotua na ng'ombe wanakokunywa. Nyingine huchomwa pamoja na takataka, na moshi wake kila aliyewahi kukaa karibu nao anaujua unavyokaba koo.

Zamani hili lilikuwa dogo. Pamba huoza, ukiifukia, mchwa na udongo wanaimaliza. Nguo nyingi tunazonunua sasa mnadani ni poliesta na nailoni, yaani plastiki iliyosokotwa ikawa uzi, nayo udongo hauijui. Tulipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, tulifurahi kuona matawi ya migunga yametakata. Plastiki iliyobaki tunaivaa.

Sisemi mitumba ni mibaya. Imenivisha mimi na wanangu. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni taratibu. Marekani ikatishia kufuta nafuu ya ushuru ya AGOA, nchi nyingine zikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo upande wa nguo. Kwa hiyo marobota yataendelea kuja. Nguo inavaliwa mara ya kwanza Ulaya au Marekani, inapanda meli, inapanda lori, inatandikwa chini mnadani kwetu, na mwisho wa maisha yake unaangukia mikononi mwetu. Sisi ndio wavaaji wa mwisho, na huko ilikotoka hakuna atakayekuja kuizoa.

Mama yangu alikuwa na blanketi moja la viraka. Mgongoni lilikuwa mgorori wa baba uliofifia, juu yake vipande vya sare zetu za shule, kitenge cha harusi ya shangazi, na mfuko wa shati ambao hakuuondoa. Tulikuwa tukificha njugu humo. Usiku wa Juni na Julai, baridi inapokaza, tuligombania kulala upande wenye mfuko. Sikumbuki hata siku moja kuliona blanketi lile kuwa la kimaskini. Lilikuwa zito, lilikuwa letu, na kila kipande kilikuwa na mtu wake.

Ng'ambo ya Bahari ya Hindi wapo watu wanaofanya hivyo hivyo mpaka leo, nao ni damu yetu. Katika jimbo la Karnataka, India, wanaishi Wasidi, ambao mababu zao walivushwa kutoka upande huu wa Afrika, wengi wakiwa watumwa wa Wareno wa Goa. Wanawake wao hushona blanketi liitwalo kawandi kwa nguo kuukuu za familia, kwa mkono. Fundi anaanzia ukingoni, anazunguka akielekea katikati, akiweka kiraka mahali macho yake yanapomwambia. Akifika mwisho anatia kwenye pembe nne vitambaa vidogo vilivyokunjwa pembe tatu, vinavyoitwa phula, maana yake ua. Kwao kawandi isiyo na phula iko uchi. Watu waliopokonywa kila kitu, bado wanaona aibu kumfunika mtoto kwa blanketi lisilo na ua.

Ninachoomba ni hiki: kila kitongoji kichague siku moja ya wiki, isigongane na mnada wala na ibada, watu wakae chini ya mti na sindano. Kina mama, kina baba, vijana wa kiume pia. Wahunzi wetu ni wanaume na hakuna aliyewahi kuwacheka kwa kutengeneza mapambo. Mzee asiyeona vizuri anaweza kufumua mishono na kukusanya vifungo. Mtoto anaweza kutunga uzi kwenye sindano kwa ajili ya bibi.

Nguo zifuliwe kwanza, zianikwe jua kali mpaka zikauke kabisa. Zitengwe kwa uzito: jinzi na kaki peke yake, vitenge na mashati peke yake, fulana zinazovutika peke yake. Ukishona jinzi na kitambaa chepesi pamoja, jinzi litakirarua kabla ya mwaka kuisha. Vifungo na zipu nzima ziingie kwenye kopo.

Kisha pima aina ya kitambaa. Chomoa uzi mmoja, uguse kwa kiberiti nje ya nyumba, watoto wakiwa mbali. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi. Poliesta inajikunja, inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Jambo hili nalikazia kwa sababu ya jikoni: vitambaa vya kushikia sufuria viwe vya pamba au jinzi la pamba peke yake, tabaka tatu au nne, maana nailoni ikipata moto inayeyuka na kunata kwenye ngozi. Hizo zinazoyeyuka zina kazi yake. Zichaneni ziwe utepe wa vidole viwili, mzisuke kama ukili, kisha mzungushe msuko na kuushona ubavu kwa ubavu: mnapata zulia la mlangoni ambalo tope la masika haliliwezi. Utepe huo huo unatosha kata ya kubebea ndoo.

Blanketi la mtu mzima, upana sentimita 160 na urefu 200, linataka viraka 80. Kila kiraka kikatwe mraba wa sentimita 22. Sentimita moja kila ukingo itamezwa na mshono, kitabaki cha 20. Unganisheni vinane kwa safu, safu kumi. Mgongoni wekeni shuka ya zamani au mgorori, katikati blanketi lililokwisha manyoya. Pigeni bandi kwanza ili tabaka zisiteleze, kisha shoneni mkipenya zote tatu. Mto ni rahisi zaidi, ila vitambaa vya kujazia vikatwe vidogo sana, la sivyo utakuwa na mabonge. Na uwe na mfuko wa ndani unaotoka, uanikwe, maana vitambaa vikishika unyevu vinanuka. Foronya inafuata yenyewe, na mkoba wa sokoni, na pazia, na vitambaa vya makochi ambavyo tunavinunua kwa hela wakati mabaki ya vitenge yamejaa chini ya meza ya fundi.

Mafundi wa Mbulu na Haydom, hapo naja kwenu. Kila Januari mnashona sare za shule, na kila msimu wa harusi na kipaimara mnashona sare za familia nzima. Vile vipande mnavyofagia jioni, wekeni kwenye kiroba. Anayeshuka Yaeda atakibeba. Na kama unaweza kutoa siku moja kwa mwezi kumwonyesha kijana jinsi ya kukanyaga cherehani na kukaza uzi, utakuwa umempa kazi ambayo haingoji umeme.

Cherehani ina gharama, najua. Kwa kuanzia si lazima; Wasidi wanatumia sindano. Ila kikundi kikishika mwendo, zipo njia. Vijiji vya bonde hili, Mongo wa Mono na Domanga vikiwa vya mwanzo, vinapata fedha za hewa ukaa kwa kuutunza msitu, na wananchi wana sauti katika kupanga matumizi yake. Nyoosheni mkono, ombeni cherehani moja ya kikundi. Halmashauri nazo zina mikopo isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Shirika la kuhudumia viwanda vidogo, SIDO, lipo tangu 1973 kwa kazi za namna hii.

Najua wapo watakaoniuliza kuhusu watalii. Soko hilo lipo. Pale Arusha karakana ya Shanga, wanakofanya kazi watu wenye ulemavu, imeonyesha kwamba chupa zilizotupwa zinaweza kulipa mishahara. Hata hivyo nawasihi tuanze na vitanda vyetu. Ukianza na mgeni utashona anachopenda yeye, na mtoto wako ataendelea kulala kwenye gunia.

Ndugu zetu wa Hanang wanakumbuka tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yalipoteremka kutoka mlimani kuingia Katesh na Gendabi. Zaidi ya watu 80 walikufa, na walionusurika wengi walitoka na nguo walizovaa. Usiku ule wa kwanza mtu hahitaji hotuba, anahitaji kitu cha kujifunika. Ndiyo maana naomba kila kikundi kikishona mablanketi matano, moja likunjwe, liwekwe ofisi ya kijiji, lisiuzwe.

Na lile la kwanza kabisa apewe mtoto anayelala bweni mbali na wazazi wake. Mshonee mfuko mmoja juu yake, upande wa kichwani.