Kihenge na Macho

Watu wengi hukisia chakula cha kihenge kwa macho, nao hukosa. Tuseme katika Nakapanya, wilaya ya Tunduru, pana vihenge viwili vya mviringo. Kimoja kimo chake ni meta 2, na upana meta 1. Cha pili kimo chake ni meta 1, na upana meta 2. Apitaye njiani hukisifu kile kirefu.

Lakini nusu ya upana ikizidishwa kwa nusu ya upana, kisha kwa 22/7, eneo la chini hupatikana. Nalo likizidishwa kwa kimo, hutoka ujazo. Kirefu kina meta za ujazo 11/7, kifupi 22/7! Na meta moja ya ujazo huingia kadiri ya magunia 7, ya kilo 100 kila moja, ya mahindi yaliyopukuchuliwa. Basi kirefu kina magunia 11, kifupi 22. Tena eneo la ukuta ni sawasawa katika vyote viwili, ingawa kifupi hutaka paa pana zaidi.

Aaminiye macho huuza mahindi mwezi wa Agosti, na Februari huyanunua kwa bei kubwa. Kwa hiyo si vema mtoto aanze na duara za ubaoni. Apime kwanza kihenge cha kwao; kamba na fimbo ya meta moja zatosha.